Usingizi haushindwi kwa ujasiri: uzi wa madereva wa masafa marefu

Mleta uzi

Wakuu, habari za njiani.

Uzi huu nimeufungua kwa ajili ya wanaoendesha malori ya masafa marefu, vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii, wenye magari, na watu wa nyumbani wanaolala na simu mkononi wakingoja kuambiwa "nimefika salama". Kila mara nakuta watu wanaulizana namna ya kukesha: vidonge gani vinaondoa usingizi, kinywaji gani kina nguvu zaidi, nani amewahi kupiga njia nzima bila kupaki. Inaniumiza, kwa sababu wengi tuliowazika walikuwa madereva wazuri. Usukani waliujua. Kilichowaua kilipangwa saa nyingi kabla hawajafika pale penye ajali: walilala kiasi gani, mzigo ulifungwaje, breki zilisetiwa lini, na tajiri aliwapa muda gani wa kufika.

Nianze na usingizi, maana ndio unaotudanganya kuliko kitu kingine chochote barabarani.

Mwaka 1997 watafiti wawili, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo uwezo wake ulishuka hadi kulingana na wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi kinatosha kukupeleka mahakamani. Alipofikisha saa 24 akawa sawa na mwenye asilimia 0.10. Sasa piga hesabu ya siku yetu ya kawaida. Umeamka saa 11 alfajiri kusimamia upakiaji. Hati zimechelewa, turubai limefungwa jioni, umetoka getini saa 2 usiku. Ikifika saa 4 usiku umeshatimiza saa 17 tangu ufumbue macho. Hujaonja tone la pombe, safari ndiyo kwanza imeanza, na tayari ubongo wako unafanya kazi kama wa mtu aliyekunywa. Askari akikupima hatakuta kitu.

Halafu kuna kule kusinzia kwa nukta chache ambako mwenyewe hujui kama umesinzia. Macho yanaweza kuwa wazi kabisa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde nne za mang'amung'amu ni karibu mita 90 ambazo tani 40 zimejiendesha zenyewe. Ndiyo maana katika ajali nyingi za aina hii hukuti alama ya tairi kwenye lami: hakuna aliyekanyaga breki.

Mwili una saa yake, na haijali una haraka gani. Kuanzia saa 8 usiku hadi saa 12 asubuhi usingizi unakuwa mzito kuliko wakati wowote, na unarudi tena kwa kiasi saa 8 hadi saa 10 mchana, hasa ukiwa umekula chakula kizito. Dalili zake tunazijua, ila tunazipuuza. Umepita kibao na huwezi kusema kiliandikwa nini. Unapiga miayo mfululizo. Unakanyaga mstari, unarudi kwa kushtuka. Umbali wako na gari la mbele unabadilika bila wewe kukusudia. Kope zinagongana, shingo inalegea, unaanza kukasirikia kila anayekupita.

Kufungua dirisha, kupandisha redio, kujimwagia maji usoni, kutafuna kitu: vyote hivyo vinakupa dakika chache tu, na ubaya wake ni kwamba vinakufanya uamini umepona. Dawa ya usingizi ni kulala. Ukizidiwa njiani tafuta mahali salama, kunywa kahawa, halafu lala papo hapo dakika 15 hadi 20. Kafeini huchukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo unaamka inapoanza kushika. Ukipitiliza hadi dakika 40 au 50 unaweza kuamka ukiwa mzito kuliko ulivyolala, kwa sababu umekatizwa katikati ya usingizi mzito. Basi ama ulale kifupi, ama ulale saa moja na nusu na kuendelea. Ukiamka usiwashe gari hapo hapo. Shuka, zunguka gari, gonga tairi, akili ikae sawa. Na kijiusingizi hicho kinakusaidia kufika mahali pa kulala. Hakilipi deni la usiku mzima.

Vidonge vya kukesha sitaki hata kuvijadili kwa upole. Vinakuficha uchovu, havikuondolei. Vinapoisha nguvu, usingizi wote uliozuiwa unashuka kwa mkupuo, na hauchagui mahali pa kushukia.

Haya si mawazo ya watu laini. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, uliweka kwamba dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, asizidishe saa 9 za usukani kwa siku wala 48 kwa wiki, na apate mapumziko ya saa 10 mfululizo katika siku. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 561 ya mwaka 2006, unadai dakika 45 za kupumzika kila baada ya saa 4 na nusu za kuendesha, na saa 9 kwa siku, ambazo zinaweza kupanda hadi 10 mara mbili tu kwa wiki. Marekani wanaruhusu saa 11 za usukani ndani ya zamu ya saa 14, na kabla ya hapo lazima uwe umepumzika saa 10. Kule kuna takografu au kifaa cha kielektroniki kinachoandika kila dakika, kwa hiyo dereva anayepaki ana ushahidi mkononi. Hata kama unakoendesha hakuna wa kukuhesabia, mwili uliouchukua safarini ni ule ule.

Karibuni tuchangie. Mafundi, madereva wa matangi, wenye magari, na nyie mnaotusubiri nyumbani.

Kijana wa Leseni Mpya

Shikamoo mkuu. Nimesoma yote. Swali langu ni moja. Mimi nalipwa kwa safari, si kwa mwezi. Nikipaki kulala, safari zinapungua na hela inapungua. Tajiri naye anasema asiyeweza aache funguo, wenzake wako getini. Sasa hapo mtu anafanyaje?

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Umegusa mzizi wenyewe, na nakushukuru kwa kuusema wazi, kwa sababu kwenye semina za usalama hili huwa linarukwa. Tunaambiwa tulale, halafu malipo yanatuambia tusilale.

Kanuni ile ya Ulaya niliyoitaja, kifungu chake cha 10, inakataza kampuni kumlipa dereva au kumpa bonasi kwa umbali aliokwenda, kwa kasi ya kufikisha mzigo au kwa wingi wa mzigo, pale malipo hayo yanapohatarisha usalama barabarani. Maana yake wenye kutunga sheria walishaona kwamba namna ya kulipa ni sehemu ya breki za gari. Marekani kuna mchumi anaitwa Michael Belzer, mtu ambaye kabla ya kuwa msomi aliendesha lori mwenyewe. Tafiti zake kwa miaka mingi zimeonyesha kuwa madereva wanaolipwa vizuri zaidi, na wanaolipwa pia muda wa kusubiri kupakia na kushusha, hupata ajali chache zaidi. Tajiri anayesoma hapa alifikirie hilo. Muda wa foleni ya kushusha ukiwa bure, dereva ataufidia barabarani.

Kwako wewe, jambo la kwanza ni kujifunza kupiga hesabu ya njia kabla ya kukubali muda. Wengi wanachukua umbali wanagawa kwa 80. Njia ya kilomita 1,000 ukiweka milima, mizani, miji, matengenezo na ukaguzi, wastani wako utakuwa kwenye 50 hivi. Hizo ni saa 20 za usukani. Kwa saa 9 kwa siku ni siku mbili nzima na sehemu ya tatu. Ukiambiwa "kesho asubuhi uwe pale," umeambiwa usilale, ila kwa lugha nyingine. Mwandikie tajiri au msimamizi ujumbe kabla ya kuondoka: nimeamka saa fulani, nimepakiwa saa fulani, nitapaki saa fulani, nitafika siku fulani. Kwa heshima, bila ubishi. Ujumbe ulioandikwa una uzito ambao maneno ya getini hayana, na msimamizi akijua kuna maandishi, yeye mwenyewe anapunguza kukusukuma. Siwezi kukuahidi kwamba kila mmoja ataelewa. Wapo watakaokuacha. Lakini gari la tajiri asiyekuruhusu kulala si ajira ya kuililia, na hilo nakwambia nikijua vizuri uzito wa kukaa nyumbani bila kazi.

Jambo la pili, ukifika ghalani na kuna foleni ya saa kadhaa, lala. Nawaona vijana wanatumia muda ule kwenye simu au kupiga soga, wakiitwa kupakia wamechoka tayari. Mwombe utingo akae macho, wewe lala. Usingizi wa mchana ule ndio utakaokuvusha saa 8 usiku.

Fundi wa Breki

Heshima kwako mleta uzi. Umemaliza usingizi, niruhusu mimi nichukue mteremko, maana magari yanayoletwa kwangu yakiwa yameungua dramu, zile ngoma za chuma za breki kwenye magurudumu, ni mengi mno.

Dereva wengi wanadhani breki inasimamisha gari. Breki inageuza mwendo kuwa joto, basi. Chukua lori la tani 40 kwenye mteremko wa asilimia 6 wenye urefu wa kilomita 6. Hadi chini limeshuka wima mita 360, na nishati inayotakiwa kumezwa ni megajuli 140 hivi. Joto hilo linatosha kuchemsha zaidi ya lita 400 za maji baridi. Sehemu inachukuliwa na upepo na tairi, na injini ikitumiwa vizuri inachukua fungu kubwa. Lakini ukishuka kwa nyutro, yaani bila gia, ili kubana mafuta, umewatupia dramu mzigo karibu wote.

Dramu likipata moto linatanuka na kukimbia kutoka kwenye brekishuu zinazolibana kwa ndani, na zile lainingi zenyewe, yaani bitana la brekishuu, zikichemka zinapoteza mkato. Kwa hiyo unakanyaga zaidi ili upate kile kile, joto linaongezeka, unakanyaga zaidi tena, hadi pedali iko chini na gari linaongeza mwendo. Wakati huo unakumbuka gia, nayo haiingii kwa sababu mwendo umeshakuwa mkubwa. Hapo hakuna ufundi wa mtu utakaosaidia.

Namna sahihi ni hii. Kabla hujaanza kushuka, juu kabisa, weka gia ndogo na washa breki ya injini au retada, kifaa kinachopunguza mwendo bila kutumia breki za magurudumu. Ile kanuni ya zamani ya kushuka na gia uliyopandia haitoshi kwa magari ya siku hizi, kwa sababu injini zina nguvu zaidi na zinapanda kwa gia kubwa. Chagua ndogo zaidi ya ile. Amua mwendo wako wa usalama, tuseme 40. Ukifika 40 kanyaga breki kwa uthabiti hadi ushuke kama 32, achia kabisa, acha gari lipande lenyewe hadi 40, rudia. Usiegemee pedali muda wote kidogo kidogo. Barabara ikiwa na utelezi na gari liko tupu au mzigo ni mwepesi, zima retada, kwa sababu inashika magurudumu ya kichwa cha lori peke yake na tela linaweza kukusukuma mkajikunja.

Ukiona moshi au kusikia ile harufu kali, tafuta mahali pa wazi usimame, weka vizuizi kwenye tairi, acha zipoe zenyewe. Usimwage maji kwenye dramu la moto, linapasuka. Na katika barabara zenye zile njia za dharura zilizojazwa kokoto pembeni mwa mteremko, ukishapoteza breki ingia bila kusitasita. Gari litaharibika. Utashuka ukitembea.

Asubuhi kabla ya kuondoka, jaza upepo wa breki hadi mwisho, zima injini, kanyaga pedali uishikilie dakika moja ukiangalia geji. Kwa kichwa na tela, ikishuka zaidi ya psi 4 (kipimo cha mgandamizo wa upepo) kwa dakika hiyo, kuna mahali panavuja, usiondoke. Toa maji kwenye matangi ya upepo. Jaribu breki ya tela peke yake kwa kulivuta taratibu. Ni kazi ya muda mfupi sana. Na breki zisetiwe magurudumu yote, nakuta magari ambayo gurudumu mawili matatu ndiyo yanafanya kazi ya yote, dereva anasema "inashika vizuri." Inashika vizuri tambarare.

Mleta uzi

Fundi, Mungu akubariki. Naomba kila kijana ayasome maelezo haya mara mbili. Naongeza mkanda wa kiti, kwa sababu nimesikia wengi wakisema kwenye lori hauna maana. Kichwa kikipinduka, aliyefungwa mkanda anabaki ndani ya kabini. Asiyefungwa anatupwa nje, na mara nyingi kabini hiyo hiyo inamlalia.

Dereva wa Tangi

Salamu wakuu. Sisi wa matangi tuna mambo mawili ya kwetu.

La kwanza, tangi lililojaa nusu ni hatari kuliko lililojaa. Kimiminika kinatembea. Ukikanyaga breki kinakimbilia mbele, gari limesimama halafu linasukumwa tena. Kwenye kona kinapanda upande wa nje na uzito wote unahamia huko. Kuta za ndani zenye matundu zinapunguza mawimbi ya mbele na nyuma, lakini yale ya pembeni yanabaki, na matangi ya vyakula kama maziwa mengi hayana kuta hizo kabisa kwa sababu ya usafi. Kwa hiyo mwendo tunaupunguza kabla ya kona, si ndani ya kona. Na ile namba kwenye kibao cha kona haikuwekwa kwa kukufikiria wewe uliyebeba juu. Nenda chini yake.

La pili linanikosesha raha kila nikilikumbuka. Gari la mafuta likianguka, watu wanakuja na madumu. Bahawalpur, Pakistan, Juni 2017, walikufa zaidi ya watu 200. Morogoro, Tanzania, Agosti 2019, zaidi ya 100. Freetown, Sierra Leone, Novemba 2021, zaidi ya 100. Hadithi ni moja, nchi tatu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini hadi unapokuta cheche, ya pikipiki au ya betri. Dereva ukiwa na uwezo wa kusimama, zima injini na swichi kuu, ondoka upande upepo unakotokea, na pigia kelele watu wakae mbali hata wakikutukana. Usiwaruhusu wapige picha karibu. Usiogope kuonekana unabania mafuta ya tajiri.

Mwenye Gari Dogo

Samahani kuingilia, mimi si dereva wa lori. Nasafiri sana na gari dogo, na kwa kweli malori yananitisha. Mengine yanaacha nafasi kubwa mbele halafu yanapiga honi nikiingia. Mengine yanahama upande bila kuniona. Tatizo ni nini?

Mleta uzi

Karibu sana ndugu, na umefanya vizuri kuuliza.

Ile nafasi mbele yangu si nafasi iliyobaki. Ndiyo breki zangu. Breki za upepo zinachelewa kidogo kushika baada ya kukanyaga, na uzito ni mara nyingi zaidi ya wako. Ukichomekea pale, umeichukua sehemu niliyokuwa naitegemea kukuokoa wewe.

Kuhusu kuonwa: kutoka kabini, kipande cha mbele kabisa ya bampa kama mita 6 sikioni vizuri, nyuma ya tela kama mita 9 sioni kitu, na upande wa abiria kuna eneo refu na pana ambalo vioo havifiki. Ukiwa pembeni yangu na huoni uso wangu kwenye kioo, chukulia kwamba sijui kama upo. Pita uendelee, au rudi nyuma, ila usikae pale. Mwenye baiskeli au pikipiki asijipenyeze upande wa ndani lori linapokata kona, hata kama limefungua nafasi kubwa. Limefungua kwa sababu magurudumu ya nyuma ya tela hayafuati njia ya kichwa, yanakata ndani. London waliliona tatizo hili zito kiasi kwamba tangu 2021 lori kubwa haliingii mjini bila kibali kinachopima dereva anaona kiasi gani kwa macho yake moja kwa moja kupitia madirisha ya kabini, na Oktoba 2024 wakapandisha kiwango hadi nyota tatu kati ya tano au kufunga vifaa vya kusaidia kuona.

Usiku, ogopa lori lililoharibika kuliko linalotembea. Hapa lawama ni yetu madereva. Pembetatu zinawekwa mita tatu nyuma ya gari, watu wanarudi kabini. Iweke ya kwanza karibu, nyingine mita 30, nyingine mita 60, na kama kuna kona au kilele cha mlima nyuma yako, ipeleke hadi kabla ya hapo ili anayekuja aione mapema. Viakisi mwanga vya tela vifutwe vumbi. Na ule mwamba wa nyuma unaozuia gari dogo kuingia chini ya tela ukipinda, unyooshwe au ubadilishwe. Marekani wanauita kwa jina la mwigizaji Jayne Mansfield, aliyefariki mwaka 1967 gari alilopanda lilipoingia nyuma ya tela.

Mke wa Dereva

Habari zenu. Nimesoma kimya kimya, nimeona niandike. Mume wangu akirudi nyumbani analala siku nzima, watoto wanamkuta amelala wanamwacha amelala. Anakoroma sana, wakati mwingine pumzi inakatika kabisa halafu anashtuka. Akiamka anasema bado amechoka. Mgongo unamuuma na amenenepa. Mimi nikimpigia simu njiani anapokea huku anaendesha, nafurahi kumsikia lakini naogopa. Nimsaidieje?

Mleta uzi

Dada yangu, asante sana kwa kuandika. Hilo la pumzi kukatika usilichukulie kama kukoroma kwa kawaida. Kuna ugonjwa wa njia ya hewa kuziba usingizini, unawapata sana watu wa kazi yetu kwa sababu ya kukaa muda mrefu na kuongezeka uzito. Mtu analala kwa muda wa saa nane lakini ubongo unaamshwa mara nyingi usiku kucha ili avute pumzi, kwa hiyo anaamka kama hajalala. Mwenyewe hawezi kujua. Wewe uliye kando yake ndiye shahidi. Mrekodi usiku mmoja kwa simu, nendeni pamoja kwa daktari, mweleze hivyo hivyo ulivyotueleza na umwambie kazi yake. Ugonjwa huo unatibika, kuna kifaa cha kusukuma hewa anachovaa usiku, na wanaotumia wanasema wamerudishiwa akili zao. Akikataa kwa kuogopa kupoteza kazi, mwambie kwamba ugonjwa usiotibiwa ndio utakaomnyang'anya.

Mgongo unaumizwa na kukaa pamoja na mtikisiko wa gari. Asishuke kabini kwa kuruka. Ashuke akitazama gari, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, vimeshika muda wote. Na asibebe kitu kizito mara tu anaposhuka baada ya saa nyingi, kwanza atembee dakika chache. Anywe maji. Najua wengi tunajinyima maji ili tusisimame kukojoa, na figo ndizo zinazolipa. Jua nalo lisidharauliwe: mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69, uso wake upande wa dirishani umezeeka na kukunjamana, upande wa pili ni wa mtu mwingine kabisa. Kioo cha dirisha kinapitisha mionzi ya jua inayozeesha ngozi. Shati la mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua ni vifaa vya kazi.

Simu: kubalianeni saa. Akipaki, yeye ndiye anapiga, na katika muda mwingine wewe mtumie ujumbe wa sauti atausikiliza akisimama. Usikasirike akichelewa kujibu. Wafundishe na watoto hivyo hivyo, kwamba baba asipopokea anaendesha vizuri. Na siku akirudi, usiku wa kwanza mwacheni alale; wa pili aamke na watoto asubuhi, mwili urudi kwenye ratiba ya watu. Asiondoke tena akiwa amekesha kwenye msiba au harusi, hata kama ndugu watanuna. Hapo ndipo wewe una nguvu kuliko tajiri na kuliko askari wote wa barabarani.

Mke wa Dereva

Nimekuelewa kaka yangu. Usiku huu namrekodi. Ahsanteni.

Kijana wa Leseni Mpya

Mkuu, la mwisho. Nimekabidhiwa tela la flatibedi, lile bapa lisilo na kuta za pembeni, nabeba mabomba ya chuma. Mikanda mingapi inatosha?

Mleta uzi

Usihesabu mikanda, hesabu nguvu. Kanuni za Ulaya na za Marekani zinakubaliana kwamba ufungaji ukamate mzigo kwa asilimia 80 ya uzito wake kuelekea mbele, na asilimia 50 kuelekea pembeni na nyuma. Mabomba ya tani 20 yanataka kushikiliwa kwa tani 16 yasije kabini ukifunga breki ghafla. Soma lebo ya kila mkanda, uliochanika au usio na lebo tupa. Mabomba yaegemee ukuta wa mbele bila kuacha pengo, weka kabari pande zote, weka mipira ya kuongeza msuguano chini, na penye ncha kali kinga mkanda usikatwe. Chuma juu ya chuma kinateleza hata ukikaza vipi, zaidi mvua ikinyesha.

Baada ya kilomita 50 hadi 80 za mwanzo simama, kaza upya, kwa sababu mzigo umeshakaa na mikanda imelegea. Hapo hapo pima kwa mkono joto la kila kitovu cha gurudumu, bila kugusa kwa nguvu. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, breki yake inashikilia au beringi imekwisha. Kama kuna tairi ulilobadilisha, kaza nati zake tena kwa spana inayopima nguvu ya kukaza. Halafu kila unaposimama kupumzika, zunguka mzigo kwanza ndipo ukae.